Piga mahali halisi, kisha keti ndani yake: mwongozo wa uga wa mwanga kwa miwani ya uhalisia pepe

Maswali ya wanaoanza ni yale yale. Ninunue kamera gani? Mbona picha yangu ya nyuzi 360 haina kina? Mbona nikisogeza kichwa chumba kizima kinanifuata? Na kwa nini meza iliyokuwa inang'aa imetoka kama imepakwa chokaa?

Mwongozo huu unayajibu kwa kufuata kazi moja tangu mwanzo hadi mwisho. Utachagua mahali pamoja, utapapiga picha mia moja na ushee kwa kamera ya kawaida, kompyuta itapajenga upya, kisha utavaa miwani na kuketi. Ukisogeza kichwa pembeni utaona nyuma ya kikombe, na mng'ao wa meza utahama pamoja na macho yako kama unavyohama ukiwa pale penyewe.

Shika jambo moja kabla ya mengine: ubora huamuliwa siku ya kupiga picha. Hakuna kompyuta itakayorudisha mwale wa mwanga ambao kamera haikuupokea. Ndiyo maana hatua za kupiga picha nimezieleza kwa urefu, na za kompyuta kwa ufupi.

Nadharia, kwa kiasi unachohitaji tu

Picha huhifadhi mwanga uliofika kwenye nukta moja, pale lenzi ilipokuwa. Picha ya nyuzi 360 ni hivyo hivyo: inatazama kila upande, lakini kutoka nukta ile ile moja. Uga wa mwanga ni mwanga wote unaopita ndani ya eneo fulani, kila mwale na uelekeo wake. Ukiwa nao, unaweza kuunda picha ya jicho lolote litakalokuwa ndani ya eneo hilo. Mwaka 1996 Marc Levoy na Pat Hanrahan walionyesha kwamba picha zikiwa nyingi vya kutosha, mitazamo mipya hupatikana bila hata kujua maumbo ya vitu vilivyopigwa.

Shida ni huo wingi. Google walipotoa programu yao ya Welcome to Light Fields mwaka 2018, walikuwa wamefunga kamera 16 kwenye upinde unaozunguka, zikapiga takriban picha elfu moja kwenye tufe la sentimita 70 kwa muda wa kama dakika moja. Wewe huna upinde huo. Utapiga chache, na nafasi zilizobaki zitajazwa kwa mbinu ya Gaussian Splatting iliyochapishwa mwaka 2023: mahali panajengwa kwa madoa laini mamia ya maelfu, na kila doa linaweza kubadili rangi kulingana na upande unaolitazama. Uwezo huo wa kubadili rangi ndio unaobeba mng'ao wa meza. Utauhitaji tena hatua ya 9.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kamera inayokubali kufungwa mipangilio yote kwa mkono, yenye lenzi pana, ya milimita 16 hadi 20 kwa kipimo cha fremu kamili. Simu inafaa ikiwa programu yake ya kamera inakuruhusu kufunga fokasi, mwangaza na rangi. Lenzi ya simu ikiwa si pana, ongeza idadi ya picha.
- Kitegemeo cha miguu mitatu. Usikiache.
- Tepu ya kubandika sakafuni na futi ya kupimia.
- Kompyuta yenye kadi nzuri ya grafiki. Programu nyingi zinataka kadi ya NVIDIA. Kama huna, tafuta Brush, inayofanya kazi na kadi za aina nyingine pia.
- Programu za bure: COLMAP ya kutafuta mahali kamera zilipokuwa, Nerfstudio au Brush ya kujenga madoa, na SuperSplat ya kusafisha, inayofunguka ndani ya kivinjari.
- Miwani ya uhalisia pepe inayofuatilia kusogea kwa kichwa, si kugeuka kwake tu. Miwani ya zamani ya kuchomeka simu haitakufaa kwa kazi hii.

Hatua za kazi

1. Chagua mahali pa kwanza kwa busara. Tafuta chumba chenye vitu vyenye michoro na mikunjo: rafu za vitabu, mkeka, ukuta wa matofali, mimea isiyotikiswa na upepo. Ukuta mweupe mtupu huipoteza programu, kwa sababu hauna alama ya kushika. Epuka mahali pa watu wanaopita, feni inayozunguka na runinga iliyowashwa. Mwanga wa dirishani ni mzuri, ila jua linalotambaa sakafuni litakuwa limehama kabla hujamaliza. Siku ya mawingu ni bora.

Acha kitu kimoja au viwili vinavyong'aa: birika, chupa, meza iliyopigwa vanishi. Hapo ndipo kazi hii inapoachana na ujenzi wa kawaida wa maumbo ya 3D, na hapo ndipo mtazamaji atakapoamini kwamba yuko mahali halisi.

2. Amua kichwa cha mtazamaji kitakuwa wapi. Hatua hii wengi huiruka, na ndiyo inayoamua mengine yote. Hujengi chumba cha kutembea. Unajenga eneo la kichwa cha mtu aliyeketi. Simama mahali atakapoketi, chora kwa tepu duara la nusu kipenyo cha sentimita 35, ulitie alama 12 kama namba za saa. Kila alama itakuwa kama sentimita 18 kutoka kwa jirani yake. Utapiga kwa vimo vitatu kutoka sakafuni: sentimita 100, 120 na 140. Cha kati ndicho kimo cha macho ya mtu aliyeketi.

Angalia sasa kitu kilicho karibu zaidi na duara. Kanuni ninayoitumia ni kwamba umbali kati ya nafasi moja ya kamera na inayofuata usizidi sehemu ya tano ya umbali wa kitu hicho. Kwa hatua za sentimita 18 hadi 20, vitu vyote viwe mita moja au zaidi. Ukitaka kikombe kiwe nusu mita kutoka usoni, sawa, lakini mbele yake utapiga kwa hatua za sentimita 10.

3. Weka kipimo sakafuni. Bandika vipande viwili vya tepu, umbali wa mita moja kamili kati yao, mahali panapoonekana katika picha nyingi. Inaonekana ni jambo dogo. Bila hiyo, programu haina njia ya kujua kama imejenga chumba au kijumba cha mwanasesere.

4. Funga mipangilio yote ya kamera. Mwangaza, ISO (wepesi wa sensa kwa mwanga), kasi ya shata, mizani ya rangi nyeupe na fokasi, vyote kwa mkono, na visiguswe hadi picha ya mwisho. Tundu la lenzi liwe f/8 au f/11 ili vya karibu na vya mbali vyote viwe vikali. ISO iwe ya chini, maana kamera iko juu ya kitegemeo na inaweza kusubiri. Pima mwangaza kwa kuelekeza dirishani na kwenye kona ya giza, kisha uchague wa kati usiochoma dirisha kabisa.

Kama taa za umeme zimewashwa, linganisha shata na umeme wenyewe: 1/50 au 1/100 kwa umeme wa hezi 50, 1/60 au 1/120 kwa wa hezi 60. Usipofanya hivyo, taa nyingine zitaacha michirizi au kubadilisha mwangaza kati ya picha na picha.

*Onyo kwa watumiaji wa simu:* zima HDR (kuchanganya picha za mwangaza tofauti kuwa moja) na hali ya usiku, na zima kubadili lenzi kiotomatiki. Simu nyingi huhamia lenzi nyingine zenyewe zikikaribia kitu, bila kukuambia, na picha hizo chache hutosha kuvuruga hesabu nzima.

*Onyo la pili:* usipige video ukidhani unaokoa muda. Fremu za video zimebanwa, zina ukungu wa mwendo, na sensa huzisoma mstari kwa mstari huku kamera ikisogea.

5. Piga. Weka kamera juu ya alama ya kwanza, kimo cha kwanza, ukitazama nje ya duara. Piga picha tatu: mbele moja kwa moja, nyuzi 45 kushoto, nyuzi 45 kulia. Nenda alama inayofuata. Maliza duara, panda kimo, rudia. Hizo ni picha 108. Kisha, kwa kimo cha kati, chagua alama nane. Katika kila moja inua kamera kama nyuzi 60 kuelekea dari, piga, halafu iinamishe kuelekea sakafu, piga. Hizo 16. Mwisho, chora duara kubwa la nusu kipenyo cha mita moja, piga kutoka alama 12, kila mahali picha moja ya kutazama nje na moja ya kutazama ng'ambo kupitia katikati. Hizo 24 ni za msaada: mtazamaji hatafika huko, lakini zinaipa programu pembe pana za kupimia kina. Jumla 148.

Tumia saa ya kuchelewesha au rimoti ili kidole kisitikise kamera, na vaa nguo nyeusi isiyong'aa. Kivuli chako pia ni kitu kinachohama, kwa hiyo usisimame kati ya dirisha na sehemu inayopigwa.

Sasa rudi kwenye vitu vinavyong'aa. Ukuta wa kawaida una rangi ile ile kutoka kila upande, na picha chache zinautosha. Mng'ao wa birika hauko hivyo. Ukisogea sentimita chache tu, doa jeupe limeshahama upande mwingine wa birika. Picha zako zikiwa zimeachana mno, programu inaona doa hapa, halafu doa pale, haioni safari ya katikati; matokeo yake ni mng'ao unaorukaruka au uliofifia kuwa kijivu. Kwa kila kitu kinachong'aa, ongeza picha 10 hadi 15 kutoka ndani ya duara la kichwa, kwa hatua za sentimita tano, zote zikikitazama. Nikilazimishwa kuchagua kati ya kununua lenzi bora na kuongeza picha hizi, nitaongeza picha.

6. Kagua kabla hujaondoka. Kuza kila picha kwenye skrini. Iliyotikisika, itupe na uipige tena hapo hapo. Usisogeze hata kiti mpaka ukaguzi uishe. Ukirudi kesho, mwanga utakuwa mwingine na picha mpya hazitashikana na za jana.

7. Tafuta mahali kila kamera ilipokuwa. Fungua picha ndani ya COLMAP. Chagua kwamba picha zote zimetoka kwenye kamera moja, na mfano wa lenzi uwe OPENCV. Kwa lenzi ya jicho la samaki, OPENCV_FISHEYE. Ulinganishaji uwe ule wa kila picha na kila picha. Kwa picha 148 ni jozi 10,878, kazi ambayo kompyuta ya kawaida inaimudu. Ikimaliza, tazama vipiramidi vinavyoonyesha kamera: unatakiwa kuona duara lako la ngazi tatu, safi, na duara kubwa likilizunguka. Ukiona kamera zimetawanyika au zimegawanyika makundi mawili, usiendelee. Hatua zijazo haziwezi kusahihisha kosa la hapa.

8. Jenga madoa. Yapeleke matokeo ya COLMAP ndani ya Nerfstudio au Brush. Anza na mzunguko mfupi wa hatua 7,000 za hesabu ili uone kama kazi imekaa sawa, kisha nenda hadi 30,000.

Kuna mtego wa ukubwa wa picha hapa. Programu ya kwanza ya Inria, ile ya waliobuni mbinu hii, hupunguza yenyewe picha zinazozidi upana wa pikseli 1,600 usipoiambia vinginevyo. Kwa lenzi ya nyuzi 90, upana huo unakupa kama pikseli 14 kwa kila nyuzi katikati ya picha. Miwani ya Quest 3 inaonyesha pikseli 25 kwa nyuzi. Kwa hiyo mtazamaji ataona ukungu hata kama kamera yako ilikuwa kali ajabu. Weka upana wa pikseli 3,000 hivi. Zaidi ya hapo miwani hiyo haitaonyesha tofauti na utakuwa unaichosha kadi ya grafiki bure. Kumbukumbu ya kadi ikiisha, punguza idadi ya juu ya madoa kabla ya kupunguza picha.

Kama kazi ni ya biashara, soma leseni kwanza: programu hiyo ya Inria hairuhusu matumizi ya kibiashara bila ruhusa, ilhali gsplat, inayotumiwa na Nerfstudio, iko chini ya leseni ya Apache 2.0.

9. Safisha, nyoosha, pima, punguza. Fungua faili ndani ya SuperSplat. Usishangae chumba kikitokea kichwa chini miguu juu. Ni tofauti ya mihimili tu, kigeuze. Futa madoa yanayoelea nje ya kuta na ndani ya eneo la kichwa. Kisha fanya mambo matatu kwa mpangilio huu:

Kwanza, laza sakafu. Mwinamo wa nyuzi mbili hauonekani kwenye skrini, lakini ndani ya miwani mwili unaukataa.

Pili, pima umbali kati ya vile vipande viwili vya tepu. Ikisoma 0.37, zidisha ukubwa wa mahali pote kwa 2.70 ili iwe mita moja. Macho ya mtu yametengana kama milimita 63, na ubongo hutumia umbali huo kukadiria ukubwa wa kila kitu. Kipimo kikikosea, chumba halisi kinageuka kichezeo.

Tatu, sogeza chumba hadi nukta ya sifuri iwe sakafuni, chini ya katikati ya duara la kichwa. Hapo ndipo miwani itamweka mtazamaji.

Kupunguza faili ndiko kunakoharibu kazi nyingi nzuri. Kila doa lina namba 59, na 45 kati yake ni za rangi inayobadilika kwa upande. Madoa milioni moja bila kubanwa ni zaidi ya megabaiti 230. Ushauri utakaousikia mara nyingi ni kuzitupa hizo 45, maana faili hupungua mara moja. Usifanye hivyo. Utakuwa umeutupa mng'ao uliouhangaikia hatua ya 5. Punguza idadi ya madoa badala yake: ondoa ya mbali, yaliyo hafifu mno na yaliyo nyuma ya vitu, kisha hifadhi kwa muundo uliobanwa kama SPZ au SOG. Kwa miwani inayojitegemea, lenga madoa 300,000 hadi 500,000. Kwa miwani iliyounganishwa na kompyuta yenye kadi nzuri, milioni mbili zinaweza kwenda.

10. Vaa miwani. Toa ukurasa kutoka SuperSplat, uweke kwenye seva, ufungue kwa kivinjari cha miwani na ubonyeze kitufe cha kuingia. Keti kwenye kiti halisi. Sogeza kichwa polepole kushoto, kulia, mbele, chini, ukikazia macho kitu kimoja kinachong'aa.

Mambo yakienda kombo

*Kitufe cha kuingia hakionekani.* Kivinjari hakiruhusu uhalisia pepe kwenye ukurasa usio salama. Anwani lazima ianze na https.

*Sehemu ya picha haikuungana ndani ya COLMAP.* Karibu kila mara ni ukuta mtupu au pengo kati ya picha. Bandika magazeti au vitambaa vyenye michoro ukutani na upige upya. Vitaonekana, lakini mahali patasimama.

*Mawingu ya madoa yanaelea hewani.* Mwangaza ulibadilika katikati ya kazi, kitu kilisogezwa, au eneo hilo limeonekana na picha chache mno. Yakiwa machache, yafute kwa mkono. Yakiwa mengi, tafuta picha zinazotofautiana na nyingine kwa mwangaza, ziondoe, ujenge tena.

*Nyuma ya kioo cha ukutani kuna chumba kingine.* Hilo si kosa. Programu imejenga taswira ya kioo kama mahali halisi, na ukiwa ndani ya duara la kichwa inaonekana sawasawa. Usikifute chumba hicho.

*Picha inapasuka nikiinama sana.* Umetoka nje ya eneo ulilolipiga. Mwelekeze mtazamaji abaki kitini, au urudi hatua ya 2 na duara kubwa zaidi, ukijua kwamba idadi ya picha itakua haraka.

*Vitu vinamemeteka nikigeuza kichwa.* Madoa hupangwa kwa umbali wake kutoka kwa jicho, na mpangilio ukibadilika ghafla, doa moja hulirukia jingine. Yanayosumbua zaidi ni makubwa yaliyo karibu. Yatafute ndani ya duara la kichwa na pembezoni mwake, uyafute.

*Kizunguzungu.* Angalia kasi kwanza. Kwa hezi 72 miwani ina milisekunde 13.9 za kuchora macho yote mawili. Kwa hezi 90 ni 11.1. Isipoziwahi, punguza madoa kwa robo na ujaribu tena. Kasi ikiwa nzuri na kichwa bado kinazunguka, sakafu haijalala au kipimo cha mita moja kimekosewa. Mpe miwani mtu mwingine aliyeketi, mwambie anyooshe mkono kuelekea ukingo wa meza anayoiona, huku wewe ukiwa umeweka meza halisi mahali pale pale. Mkono ukiigusa kabla ya wakati au ukiikosa, umeshajua upande wa kurekebisha.